Wapigaji Tisa, Bingwa Hakuna: Maneno Kabla ya Konserto ya Tatu ya Brandenburg

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wa kwaya mliofika, wazazi, na ninyi vijana mnaokaza nyuzi kule nyuma ya pazia, hamjamboni.

Nimepewa dakika ishirini nizungumze kabla ya muziki kuanza. Muziki wenyewe ni wa dakika kumi na kidogo. Kwa hiyo jioni hii mtakula maelezo mengi kuliko chakula, na lawama mpelekeeni aliyepanga ratiba.

Mtakachosikia ni Konserto ya Tatu ya Brandenburg ya Johann Sebastian Bach, Mjerumani aliyezaliwa 1685 na kufariki 1750. Walutheri mliomo humu mnamfahamu hata kama hamkumbuki mlifahamiana wapi. Nyingi kati ya zile nyimbo za kale za Kijerumani mnazoimba Jumapili, yeye alizipangia sauti nne, akazirudia, akazipanga upya, karibu maisha yake yote ya kazi. Ila leo hakuna kuimba. Leo ni nyuzi tupu.

Tuanze na neno lenyewe, konserto. Asili yake ni kitenzi ambacho kwa Kilatini ni kushindana, kubishana. Waitaliano walipokirithi wakakitumia kwa maana ya kupatana, kupanga jambo pamoja. Neno moja, maana mbili zinazovutana. Wenzangu wa pwani hamtaona ajabu. Mmeshuhudia ngoma za mashindano: makundi mawili yanakebehiana usiku kucha, na bado kabla ya hapo wakubwa wao walikaa wakakubaliana uwanja upi, siku ipi, nani aanze. Bila kupatana hakuna kushindana.

Konserto ambayo Ulaya iliizoea miaka ile, hasa kwa mkono wa Antonio Vivaldi wa Venice, ilikuwa kama harusi: bibi harusi mmoja, wengine wote wamekuja kumsindikiza. Kundi zima linaanza na kiitikio. Halafu bingwa, mara nyingi mpiga fidla, anajitokeza peke yake na mapambo yake, mbio zake, madaha yake. Kundi linarudi na kiitikio, bingwa anatoka tena. Kiitikio hicho Waitaliano wanakiita ritornelo, yaani kijirudio. Walimu wa kwaya, angalieni tofauti moja. Kiitikio chetu kikirudi kinarudi nyumbani palepale kilipotoka, lakini ritornelo kikirudi huwa kimehama. Mara ya pili unakikuta kwenye "do" nyingine, mara ya tatu nyingine tena, pengine kikiwa nusu tu, mpaka mwisho ndipo kinaingia mlango uleule wa mwanzo. Raha ya konserto iko hapo: unamtambua mtu, lakini kila ukimkuta anakaa mtaa mwingine.

Vivaldi alichapisha konserto kumi na mbili huko Amsterdam mwaka 1711. Bach, akiwa Weimar, mji wa Ujerumani, akachukua kadhaa kati yake akazigeuza zipigwe kwa vinanda, noti kwa noti, akirekebisha hapa na pale kama fundi cherehani anayefumua koti la mwenzake ili aone limeshonwaje. Italia hakuwahi kufika. Shule yake ilikuwa karatasi.

Sasa, fundi akishalifumua koti, anashona lake. Bach akajiuliza swali ambalo kwangu ndilo konserto yenyewe ya leo: je, nikimwondoa bibi harusi, harusi itakuwepo?

Tazameni jukwaani viti vilivyopangwa. Fidla tatu. Vaiola tatu, ambazo ni fidla kubwa kidogo, zenye sauti ya chini, kama sauti ya mtu mzima asiyependa kelele. Chello tatu, zile za kushikwa kati ya magoti. Jumla wapigaji tisa. Nyuma yao besi kubwa moja, na kinanda. Kinanda cha wakati wa Bach kingekuwa hapsikodi, ambacho ndani yake nyuzi hukwanyuliwa na vijiti vidogo badala ya kugongwa kama piano. Hapsikodi hatuna. Tunacho kinanda cha umeme chenye kitufe cha kuigiza hapsikodi, na umeme ukikatika tutaendelea bila yeye, maana kazi yake leo ni kushikilia ukuta, si kupendeza macho.

Tatu, tatu, tatu. Wapo wanaosema ni Utatu Mtakatifu. Bach alikuwa mcha Mungu, sibishi, lakini huu ni muziki wa sebuleni kwa mkuu wa nchi, na mimi naona sababu iko karibu zaidi. Watatu ndio idadi ndogo kabisa inayoweza kugawanyika. Wawili hukubaliana au hutofautiana, basi. Wakiwa watatu, wawili wanaweza kumteta mmoja, mmoja anaweza kuwaacha wawili wakibishana, au wote wakanyamaza kwa pamoja. Waulizeni waliolelewa watatu nyumbani.

Kabla sijawaingiza kwenye muziki, kidogo kuhusu alikokuwa mtunzi, maana bila hapo viti hivi tisa havielezeki. Mwaka 1717 Bach alikuwa mtumishi wa mtawala wa Weimar. Akapata kazi nzuri zaidi Köthen, mji mdogo, akaomba ruhusa ya kuondoka kwa ung'ang'anizi mkubwa mno, mtawala akamweka ndani. Alikaa kifungoni tangu Novemba 6 hadi Desemba 2, kisha akatolewa na barua ya kuachishwa kazi kwa pamoja. Huko Köthen bosi wake mpya, mtawala Leopold, alikuwa kijana wa miaka 23 aliyekuwa akipiga fidla mwenyewe na kukaa na wanamuziki wake. Alikuwa Mkalvini, na kanisani kwao muziki wa madoido haukutakiwa. Kwa hiyo Bach, aliyezoea ibada, akajikuta anatunga kwa ajili ya ukumbi wa nyumba ya mkuu.

Na wapigaji wa Köthen hawakuwa wa kubahatisha. Mwaka 1713 mfalme mpya wa Prussia, Friedrich Wilhelm wa Kwanza, aliivunja orkestra ya ikulu ya Berlin kwa sababu fedha yake aliipenda ikiwa imevaa sare za jeshi. Wanamuziki wakatawanyika, na baadhi ya walio bora wakaishia Köthen. Mfalme alitupa, jirani akaokota. Ndiyo maana Bach angeweza kuandika sehemu tisa zisizo na kiti cha mvivu hata kimoja: kila kiti alikuwa na mtu wa kukikalia.

Mwaka 1719 alikwenda Berlin kuchukua hapsikodi mpya. Machi 24, 1721, akiwa na miaka 36, alitia tarehe kwenye barua ya Kifaransa, lugha ya wakubwa wa Ujerumani wakati huo, iliyofungwa pamoja na konserto sita, kwenda kwa Christian Ludwig wa Brandenburg, ambaye kwa hesabu zetu ni baba mdogo wa yule mfalme mpenda askari. Anamkumbusha kwamba miaka kama miwili iliyopita alipiga muziki mbele yake na akaombwa amtumie kazi zake. Anamsihi asizipime kasoro zake kwa ukali wa masikio yaliyozoea vitu vizuri. Nyie mmeandika barua za kuomba kazi, mnaijua lugha hiyo.

Christian Ludwig akafariki 1734, na zile karatasi zikalala Berlin zaidi ya miaka mia, mpaka zilipoibuliwa 1849 na kuanza kuchapishwa mwaka uliofuata. Hata jina la Brandenburg si la Bach. Yeye aliziita konserto sita za ala kadhaa, basi. Philipp Spitta, aliyeandika maisha ya Bach, ndiye aliyezibandika jina la mpokeaji. Na tangu hapo zimesafiri sana: sehemu ya kwanza ya ile ya Pili iko kwenye santuri ya dhahabu iliyorushwa angani 1977 na vyombo vya Voyager. Sisi tunabaki na ya Tatu, duniani.

Haya, masikio.

Inaanza bila utangulizi. Noti tatu: do, ti, do. Mbili fupi, moja ndefu kidogo. Taka-ta. Ndiyo mtaji wote. Mtoto wa chekechea anaweza kuuimba. Mwenye duka akiwa na mtaji wa aina hiyo, jirani angemcheka. Lakini sikilizeni anavyouzungusha: taka-ta ya fidla, taka-ta ya vaiola chini yake, mara inapanda, mara inashuka, mara inapigwa kinyume na mpigo mpaka unasahau mguu wako ulikuwa unagonga wapi.

Mwanzoni kabisa makundi matatu yanasimama kama makundi. Fidla zote tatu zinasema neno moja, vaiola neno moja, chello neno moja. Ndicho kiitikio. Kisha wanaanza kuachana. Fidla ya kwanza inasema jambo, ya pili inalidaka, ya tatu inalidaka kutoka kwa ya pili. Chello, ambazo katika muziki mwingi wa wakati ule zilikuwa za kutandika mkeka chini ili wengine wakae, nazo zinapewa zamu ya kukimbia. Utaona upinde wa chello ya tatu, yule kijana wa mwisho kule kulia, ukienda mbio sawa na wa fidla ya kwanza. Nilikaa naye wiki iliyopita kwenye mazoezi. Aliniambia, "Mzee, hapa hakuna pa kujificha." Ameielewa konserto kuliko mimi.

Hapa inabidi niseme jambo kwa ndugu zangu wa taarab, maana fidla kwetu iliingia masikioni kwa mlango huo. Ikhwani Safaa ya Unguja ilianzishwa 1905, na tangu enzi za mababu zetu tunajua safu ya fidla inavyolia pamoja na ganuni. Katika taarab safu hiyo inaufuata wimbo mmoja. Kila ala inaupamba kwa ladha yake, lakini njia ni moja, kama watu wanaotembea kwenda msikiti mmoja kwa mwendo tofauti. Kwa Bach njia ni nyingi kwa wakati mmoja. Huyu anapanda wakati yule anashuka, huyu anasema sentensi ambayo mwenzake ameianza kitambo, na maajabu ni kwamba wakikutana kwenye kona hawagongani. Ukitafuta wimbo mmoja wa kuushika utachoka na utasema muziki hauna wimbo. Chagua mtu mmoja. Mfuate yeye tu kwa muda. Halafu mwache, mfuate mwingine.

Ningekuwa mimi ningemfuata mpiga vaiola. Najua hakuna anayemwangalia. Katika orkestra nyingi vaiola ni mtoto wa kati: si wa kwanza kusifiwa wala wa mwisho kudekezwa, kazi yake kujaza nafasi. Lakini Carl Philipp Emanuel, mtoto wa Bach, alieleza baada ya kifo cha baba yake kwamba mzee huyo, fundi wa ogani aliyejulikana Ujerumani nzima na mpiga fidla hodari pia, katika muziki wa pamoja alipenda kupiga vaiola. Alikaa katikati. Kutoka katikati unasikia wa juu na wa chini kwa pamoja. Mimi nikiisikia konserto hii nahisi imeandikwa na mtu aliyeketi kwenye kiti hicho. Si mara nyingi katika muziki wa Baroki, yaani wa zama hizo za Bach, vaiola tatu zinapewa kila moja mistari yake, hoja zake na heshima yake mbele ya fidla.

Kupita katikati ya sehemu hii ya kwanza kidogo, fidla ya kwanza inaleta wazo jipya, la kurukaruka, sauti zikiachana mbali. Ukiwa umekaa kizembe utasema, ehe, bibi harusi amefika! Subiri. Wakati huohuo chini yake fidla ya pili inapiga ile ile taka-ta ya mwanzo, na kabla fidla ya kwanza haijafurahia nafasi yake, wazo lake jipya limeshachukuliwa na wengine. Kila anayejaribu kuwa bingwa ananyang'anywa kipaza sauti, tena kwa adabu.

Miaka minane baada ya barua ile, Bach akiwa Leipzig, aliichukua sehemu hii ya kwanza akaifanya ufunguzi wa kantata, yaani kazi ya kuimbwa ibadani, ya Jumatatu ya Pentekoste, 1729, akaongeza baragumu mbili na obo tatu, zile filimbi za mbao. Kwa hiyo wale mnaouliza kama muziki huu ni wa dunia au wa kanisa, mwenyewe hakuwa na mpaka huo. Nimeusikia kwa namna zote mbili. Pamoja na baragumu unang'aa zaidi, lakini mabishano yale ya tatu kwa tatu yanafunikwa na vumbi la dhahabu. Nabaki na nyuzi.

Sasa tunafika mahali palipoandikiwa makala nyingi kuliko urefu wake.

Konserto ya desturi ilikuwa na sehemu tatu: ya haraka, ya polepole, ya haraka. Ya polepole ndiyo ya kulia. Hapo kila mtu husubiri bingwa aimbe kwa fidla mpaka akina mama watoe leso. Katika konserto hii, sehemu ya polepole ni kipimo kimoja, yaani kijisehemu cha mipigo michache tu. Kimoja! Juu yake ameandika Adagio, taratibu, na chini yake kuna sauti zilizopangwa kwa pamoja mara mbili. Wapiga gitaa mnaziita kodi. Kodi mbili, na hizi hazipelekwi mamlaka ya mapato. Ya kwanza inaiegemea ya pili, na ya pili inaachwa hewani, haijatua. Ni kama mtu amefika kizingitini akasema "hodi", kisha kimya.

Kwa nini? Wapo wanaoamini kwamba mmoja wa wapigaji, huenda Bach mwenyewe, alikuwa anabuni kitu papo hapo kati ya kodi hizo, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuandika. Wengine wanazipiga kama zilivyo, mbili, basi, wanaendelea. Wengine wanaingiza sehemu nzima ya polepole kutoka kazi nyingine ya Bach. Hii ya mwisho mimi siipendi. Ni kumvalisha mtu koti la kuazima kwa kuwa wewe unaona baridi, yeye hajalalamika.

Fikirini konserto yenyewe. Sehemu ya polepole ilikuwa kiti cha bingwa. Bach amewaondoa mabingwa wote. Angemkalisha nani? Angemchagua fidla ya kwanza, wanane wangekuwa wasindikizaji na mchezo wote wa mwanzo ungegeuka uongo. Kwa hiyo anaweka kiti, kinabaki wazi, tunakiona kiko wazi, tunasonga. Hiyo ni tafsiri yangu, na mpiga fidla wetu wa kwanza hakubaliani nami hata kidogo, kama nitakavyosema.

Baada ya "hodi" ile, sehemu ya tatu ndiyo "karibu". Na karibu yenyewe ni ya kukimbia. Mpigo wake ni kumi na mbili kwa nane: tatu-tatu-tatu-tatu. Mliokulia kwenye chakacha, mabega yenu yataelewa kabla ya vichwa, ingawa hii ni jamaa wa jigi, ngoma ya Ulaya ya miguu, si ya kiuno. Fidla ya kwanza inaanza kukimbia ngazi, ya pili inaingia nyuma yake na maneno yaleyale, ya tatu nyuma ya hiyo, kisha vaiola moja moja. Watoto wanaofukuzana kuzunguka nyumba. Chello safari hii zimerudi kuwa kundi moja, zinakimbia pamoja na besi, maana mbio za namna hii bila ardhi zingeruka zikapotea. Sehemu yote imegawanywa mara mbili na kila upande unarudiwa, na upande wa pili ni mrefu mara tatu kuliko wa kwanza. Noti zile ndogondogo hazikatiki tangu mwanzo hadi mwisho. Ukiona mpigaji amefunga macho, usidhani ni hisia. Anahesabu.

Mwaka 1968 Wendy Carlos, Mmarekani, aliipiga konserto hii yote kwa mashine ya umeme ya kutengeneza sauti, Moog, na watu waliokuwa hawajawahi kukanyaga ukumbi wa orkestra wakainunua. Iliwezekana kwa sababu uzuri wake hauko kwenye koo la ala moja. Uko kwenye nani anampokea nani. Toa fidla, weka waya, mabishano yanaendelea.

Vijana wetu leo wanapiga na nyuzi za chuma. Wakati wa Bach zilikuwa za utumbo wa kondoo, na upinde ulikuwa umebinuka kwa nje, mwepesi, wa kusema maneno mafupi mafupi. Kwa hiyo mwalimu wao amewafundisha wasiburute upinde, waguse na kuachia. Vaiola ya tatu imeazimwa, imefika juzi kwa basi, na joto hili limeifanya ilegee kila dakika kumi. Mkiwaona wanasimama kukaza nyuzi, msiwacheke.

Ombi moja la mwisho. Sehemu ya kwanza ikiisha mtatamani kupiga makofi. Tafadhali zuieni mikono, maana zile kodi mbili zinaweza kuzama humo tusizisikie kabisa, na tutakuwa tumepoteza sehemu nzima ya konserto. Jana nilimwuliza binti anayepiga fidla ya kwanza atafanya nini pale katikati: atazipiga tu zilivyo, au atabuni chake? Nikamweleza nadharia yangu ya kiti kilichobaki wazi, kwa kirefu, kama nilivyowaeleza ninyi. Akasikiliza mpaka mwisho, akafunga kisanduku cha fidla yake, akasema, "Shikamoo mwalimu, kesho utasikia."

Basi na mimi nakaa chini nisikie.